Matundu Matatu ya Pipa la Mzee Waweru

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliuza nyumba yake ya Mwiki, na siku ya kuhama akaniwekea kiti uani nimtazame. Alianza na balbu. Alipomaliza balbu akafungua vyuma vya pazia, kisha akapanda juu ya stuli kung'oa kengele ya mlango.

"Na matundu ya misumari?" nikamuuliza. "Utayabeba kwenye gunia gani?"

"Guka, hivi vitu nilinunua mimi."

Ni kweli alivinunua, kwa hiyo sikubishana naye. Lakini nilimfikiria yule mama aliyenunua nyumba. Angefika jioni na watoto wamechoka, abonyeze swichi ukutani, na kitu cha kwanza atakachopewa na nyumba yake mpya kiwe giza.

Basi naandika haya kwa ajili ya mjukuu wangu na ninyi wenzake, mnaouza na kununua huko Mwiki na Theta, mahali ambapo sisi tulikuwa tukiona mkonge na kahawa tu. Mimi niliishia darasa la nne. Tangu ujana nimekuwa nikiandika daftari, mistari miwili au mitatu kwa siku, na mara nyingi nikirudi kuisoma naona kwamba jambo lenyewe nililielewa nusu. Mkiona mahali nimekosea, huenda kweli nimekosea.

Miaka ya hamsini niliajiriwa pale Thika na Bwana Jivan, dalali wa nyumba na maduka. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Wazungu walikuwa na madalali wao. Kwetu walikuja Wahindi, Wagoa, na Waafrika wachache waliokuwa na nyumba za mbao na mabati kwenye ploti za soko. Kazi yangu haikuwa na jina. Watu waliniita "mtu wa funguo". Nyumba ikishauzwa na mwenyewe akishatoka, mimi niliingia na ufagio, nyundo na kalamu. Nilisugua, nilikaza bawaba, nilibadilisha kioo kilichopasuka, niliziba kilichovuja, kisha nikaandika orodha ya kila kitu kilichobaki. Siku ya kukabidhi nilimngoja mnunuzi mlangoni, nikamtembeza na ile orodha mkononi, nikampa funguo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbugua, mwashi wa zamani ambaye jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Kwa kuwa hakuona vizuri, aliifahamu nyumba kwa mikono na masikio. Alifunga madirisha yote, akasimama katikati ya chumba, akaninyamazisha.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Ndiyo sababu wewe unabeba ndoo na mimi nabeba fimbo. Sikiliza tena. Kuna bati linapumua pale juu."

Nilipanda, na kweli msumari ulikuwa umeachia.

Alinifundisha kujaribu kila ufunguo kwenye kufuli yake kabla ya kumpa mtu. Ufunguo usio na kufuli haupewi mnunuzi, kwa sababu atakaa miaka kumi akitafuta mlango ambao haupo. Alinifundisha kuacha kipande cha sabuni, kibiriti, na debe moja la maji safi lenye kifuniko. "Mtu anayehamia huwa na kiu," alisema, "na vikombe vyake viko chini ya magodoro." Ukipaka rangi, bakisha kopo kidogo la rangi ile ile. Ukiezeka, bakisha misumari ya bati. Na usimwachie mtu takataka zako ukaziita zawadi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeacha kabati kubwa la mguu mmoja mbovu, akaandika barua nzuri kwamba ni zawadi kwa familia mpya. Mzee Mbugua alilizunguka lile kabati, akalipapasa, akasema, "Zawadi gani hii ya kuitia watu sita waje kuitupa?"

Wengine walifanya kinyume. Mfanyabiashara mmoja wa Thika alihama na milango yake yote saba, kwa sababu aliichonga yeye mwenyewe na aliipenda. Sidhani alikuwa mwizi. Moyoni mwake alikuwa ameuza kuta na paa. Bwana Jivan alisimama kwenye ile nyumba, upepo ukimpita kutoka mbele hadi nyuma, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Kimani, nyumba hapana mlango, hii nyumba au stesheni?" Milango sita ilirudishwa. Wa saba ulishafanywa kitanda, na mtu alikuwa amelala juu yake.

Na karibu na mto Chania kulikuwa na karani Mgoa, mtu mpole sana, aliyeomba ruhusa ya kuhama na mti mmoja tu wa waridi. Tukamruhusu, mti wa waridi una ubaya gani? Miezi miwili baadaye bomba likapasuka, na koki ya kufungia maji ya nyumba nzima haikuonekana. Tulichimba ule uwanja kama watu wanaovuna viazi. Koki ilikuwa chini ya mahali palipokuwa na waridi. Karani alikuwa ameupanda mti pale makusudi ili asisahau. Alibeba mti wake kwa haki kabisa, na hakujua kwamba alibeba na alama.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hilo nilikuwa nimejifunza. Daftari langu la siku ile linasema: "Tumechimba. Nimechoka. Waridi ni mti mbaya." Hayo ndiyo niliyoyaona.

Sasa niseme habari ya Ruiru, ambayo sijawahi kuieleza yote.

Mwaka wenyewe siwezi kuutaja kwa hakika, maana jalada la daftari lile lililiwa na mchwa. Hali ya Hatari, ile ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imeanza kulegea. Mkikuyu kama mimi hakutoka Thika kwenda Ruiru hivi hivi. Ulihitaji karatasi, na karatasi yangu ilikuwa na jina la Bwana Jivan. Nikikosa kazi yake nakosa karatasi, na nikikosa karatasi narudishwa kijijini kukaa ndani ya handaki na miiba. Nawaambia hili mjue, si kwa kutaka mnihurumie.

Nyuma ya soko la Ruiru palikuwa na nyumba ya Mzee Waweru: vyumba viwili vya mbao, jiko la kando, na banda la mbuzi. Mzee Waweru alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye josho la ng'ombe katika shamba la Mzungu. Aliuza nyumba kupitia kwetu akahamia kwa mwanawe upande wa Githunguri. Aliyenunua alikuwa Mama Nekesa, mjane kutoka upande wa Bungoma, aliyewapikia wachimba mawe wa machimbo. Alikuwa na binti yake Nafula, ambaye alikuwa amejifungua majuma matatu tu.

Niliingia kwenye nyumba ile siku mbili kabla ya kukabidhi. Mzee Waweru alikuwa ameiacha safi kuliko wengi, na sikuwa na kazi kubwa. Halafu nikazunguka nyuma ya jiko, na pale chini ya mbarika nikaona pipa la chuma limelala kifudifudi. Lilikuwa limepakwa mstari wa rangi nyekundu ubavuni, na kwenye kitako lilikuwa na matundu matatu, kila moja la kupitisha msumari wa inchi sita.

Ninyi mmezoea matangi ya plastiki, kwa hiyo hamwezi kujua pipa zima lilikuwa nini siku zile. Bomba lilikuwa moja, la soko, na foleni yake ilikuwa ya kugombana. Wanawake waliteremka mtoni na madebe wakapanda nayo migongoni. Nilitazama pipa lile nikasikitika. Nikasema moyoni, huyu mzee ameacha chombo kizuri kipotee kwa sababu ya matundu matatu, na mimi ninajua kuziba.

Niliwasha makaa, nikachoma chuma cha kulehemia, nikayaziba kwa risasi iliyoyeyuka, moja baada ya jingine. Nilisugua nje kwa mchanga na majivu mpaka ule mstari mwekundu ukatoka wote. Ndani nilisuuza mara mbili. Nilitia debe moja la maji, nikakaa kando nikila muhogo, nikalitazama. Halikutoa hata tone. Nililisimamisha kwenye pembe ya nyumba, chini ya mfereji wa bati, nikaandika kwenye orodha: "Pipa moja la maji. Halivuji."

Siku ya kukabidhi Mama Nekesa alipita vyumbani haraka, akaja kusimama mbele ya pipa.

"Kijana, na hili?"

"Ni lako, mama."

"Langu? Mwenyewe hakulisahau?"

"Hapana. Amekuachia."

Neno hilo "amekuachia" sikuambiwa na mtu. Nililitunga pale pale, kwa sababu lilikuwa neno zuri na uso wake ulikuwa unalingoja.

"Mayi!" akashangaa kwa lugha ya kwao, akaita. "Nafula! Njoo uone, mto umeletwa mlangoni!"

Nafula alitoka na mtoto kifuani. Akaligonga pipa kwa vidole, likalia. "Mama, sasa utanenepa," akasema. "Huna tena kilima cha kupanda."

"Ninenepe nimkomeshe nani? Wewe ndiye utakunywa. Unyonyeshe vizuri."

Nilirudi Thika nimefurahi. Usiku ule niliandika ukurasa mzima.

Mvua ikaanza. Yapata siku kumi baada ya kukabidhi Mzee Waweru alifika ofisini, amevaa koti lake refu, na ufunguo mkononi. Ulikuwa wa kufuli ya jiko, alikuwa ameukuta mfukoni.

"Nimeona nisikae na kitu cha wenyewe," akasema.

Mzee Mbugua akampa kiti. Mimi nikaona nafasi ya kujisifu. "Mzee, nyumba yako tuliikabidhi vizuri. Hata lile pipa nimelifanya jipya."

"Pipa gani?"

"La nyuma ya jiko. Lile la matundu."

"Matundu umeyafanyaje?"

"Nimeyaziba yote. Sasa linakinga mvua."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kukaa msibani. "Nani alikuambia uyazibe?"

"Hakuna, mzee. Niliona yanavuja."

"Niliyatoboa mimi," akasema. "Lile ni pipa la dawa ya josho, ya kuua kupe. Dawa ile ni sumu, na huingia kwenye chuma, haitoki kwa kusuuza. Pipa la josho likiisha kazi hutobolewa kitako na kupakwa rangi, ili hata mwizi akiliiba asiweke maji. Kila mtu anajua."

Kila mtu wa josho alijua. Mimi nilikuwa mtu wa funguo.

Mzee Mbugua aliweka kikombe chake chini. "Ruiru imenyesha?"

"Tangu Jumapili," akasema Mzee Waweru.

Kwa haki yake niseme hivi: alifanya zaidi ya wauzaji wengi. Alichukua nyundo akaharibu chombo chake mwenyewe kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kitu ambacho hakufanya ni kufungua mdomo. Nimelipima jambo hili miaka yote, na kila nikilipima naona kosa lake ni dogo na langu ni kubwa, lakini lake lipo.

Karatasi yangu ya Ruiru ilikuwa ya zile siku za kukabidhi tu. Ili niende ilibidi Bwana Jivan aandike barua nyingine, na ili aandike ilibidi nimweleze. Niliingia kwake nikasimama, nikasema yote. Alinisikiliza kalamu ikiwa imesimama hewani. Kisha akavuta karatasi akaanza kuandika, haraka, bila kuniangalia.

"Bwana, nisamehe," nikasema.

"Nyamaza. Wewe kwenda kwanza. Mimi takasirika kesho, kesho iko nafasi."

Nilichukua baiskeli ya Mzee Mbugua. Barabara ilikuwa matope mekundu mpaka kwenye ekseli. Kwenye kizuizi askari alisoma barua polepole sana, na nilipomwomba aharakishe akaanza upya kutoka juu.

Nyumbani kwa Mama Nekesa hapakuwa na mtu. Jirani, mwanamke wa makamo, alikuwa anaanua nguo.

"Wamepeleka binti dispensari tangu jana. Anatapika, tumbo linamkata. Watu wanasema ni uzazi."

"Na mama yake?"

"Yeye mzima. Yuko machimboni kutwa, anakunywa huko huko. Ni binti tu anayeshinda hapa." Akaonyesha kwa kidevu. "Na kuku wawili wamekufa. Kideri kimeingia."

Pipa lilikuwa limejaa nusu. Juu ya kifuniko walichoweka kulikuwa na kikombe cha bati kimefunikwa vizuri, kikombe cha mtu mwangalifu. Nilitaka kulipiga teke limwagike, lakini maji yangeelekea kwenye mboga za yule jirani. Nikageuza mfereji wa bati upande mwingine, nikafunga kifuniko kwa waya, nikamwambia jirani asiruhusu mtu aguse.

"Kwa nini, kuna nini?"

"Ni sumu, mama."

"Nani ameweka?"

Nilipanda baiskeli.

Mama Nekesa alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya dispensari, mtoto mgongoni. Aliponiona akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesikia ukaja kututazama! Mungu akubariki, kijana. Hapa hatuna ndugu, na wewe umekuja na mvua hii."

Dresa wa dispensari alitoka kunawa mikono, kijana wa miwani, amechoka. Alisema anamtibu malaria, na kama homa haishuki basi ni mambo ya uzazi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Nilifungua mdomo nikasema, "Pipa la maji la Mzee Waweru lilikuwa la dawa ya josho." Maneno hayo yalikuwa kweli, kila moja. Mtu angeweza kuishia hapo. Dresa angepata alichohitaji, Mama Nekesa angemlaani mzee wa Githunguri, na mimi ningebaki yule kijana aliyekuja na mvua. Nilikaa na maneno yale mdomoni kama pumzi mbili hivi. Halafu nikasema, "Yeye alikuwa amelitoboa lisitumike. Mimi ndiye niliyeziba. Na kusema ameliacha kwa ajili yenu, hilo pia nilisema mimi."

Dresa hakujali nani alifanya nini. "Dawa ya josho una hakika? Amekunywa siku ngapi?"

"Siku tano," akasema Mama Nekesa. "Amekunywa sana. Mimi nilimwambia anywe, apate maziwa."

Dresa akaingia ndani mbio, akiita watu watafute gari la kumpeleka hospitali ya Thika. Akasema mtoto asinyonye tena, apewe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Akaniambia akipita, "Ungekuja kesho ungenikuta bado namtibu malaria."

Mama Nekesa alibaki amesimama. Hakunitukana. Akafungua kitambaa mgongoni, akanipa yule mtoto.

"Mshike," akasema. "Nikakusanye nguo za mama yake."

Nikabaki na mtoto mikononi, msichana mdogo, mzito kuliko nilivyodhani, na sikuthubutu kukaa chini.

Nafula alikaa hospitali siku kumi na moja. Siku tatu za kwanza hatukujua kama atapona. Kila jioni nilikwenda hadi langoni baada ya kazi, nikamuuliza mlinzi, na mlinzi akaniambia "bado yuko", na hilo ndilo neno nililoandika kwenye daftari siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliomba uji.

Bwana Jivan alikasirika kesho yake kama alivyoahidi, kutoka asubuhi mpaka saa sita, kwa Kigujarati na Kiswahili. Nilidhani nimefukuzwa. Mchana akanituma kufungua duka fulani lililouzwa, nikajua sijafukuzwa. Sikumuuliza kwa nini. Mzee Mbugua alisema ni kwa sababu niliingia ofisini kwake mwenyewe, bila kuitwa. Huenda. Mzee Mbugua alinipenda, kwa hiyo ushahidi wake siutegemei sana.

Tangu wakati huo niliongeza ukurasa wa pili kwenye orodha. Ukurasa wa kwanza ni wa vitu. Wa pili ni wa maneno, na siutungi mimi, anausema anayehama, akiwa amesimama ndani ya nyumba na si ofisini. Ofisini mtu husema nyumba haina neno. Mpeleke asimame jikoni, atakumbuka mwenyewe: huu moshi hurudi ukivuma upepo wa Julai, huyu jirani mpe salamu kwanza ndipo upite, hapa palikuwa na shimo la choo tukalifukia, usijenge juu yake. Na nikiona kitu kimeharibiwa, siku hizi naona mkono ulioharibu kabla sijatafuta nyundo. Nauliza. Waya uliokatwa, dirisha lililopigwa mbao, kisima kilichojazwa mawe. Kuna aliyefanya hivyo, na alikuwa na sababu. Ninyi mkihama, acheni balbu, acheni koki na funguo, lakini msiondoke bila kusema.

Wazo hilo si langu. Ni la Mama Nekesa. Nafula aliporudi nyumbani, Bwana Jivan alikwenda mwenyewe Ruiru kumuuliza Mama Nekesa anataka afanyiwe nini. Alidhani atadai nyumba irudishwe.

"Sitaki mtu wa funguo," akasema Mama Nekesa. "Namtaka mwenye nyumba. Aje anikabidhi kwa mdomo wake."

Mzee Waweru alikuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akakataa kuingia mpaka aambiwe. Nafula alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amekonda, macho yamekuwa makubwa, mtoto mapajani. Mzee alimtazama mara moja tu.

"Mama, mimi nilidhani tundu linatosha," akasema.

"Tundu halina mdomo, mzee," akasema Mama Nekesa. "Ingia. Anza na mlango."

Akaanza na mlango. Ukivimba kwa mvua, uinue kidogo kabla ya kusukuma. Dirisha la chumbani usilifunge kwa nguvu, kioo kimewekwa kwa unga wa ngano. Bati la tatu kutoka upande wa jiko lina msumari uliolegea. Alitembea akigusa kila kitu, na mimi nilimfuata nikiandika, na mama alinifuata mimi kuhakikisha naandika. Tulitoka nje, tukafika kwenye banda la mbuzi. Kwenye orodha yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika: "Banda la mbuzi, zima."

Mzee aliweka kiganja kwenye nguzo, kisha akakiondoa.

"Hizi nguzo," akasema, "nilizipaka dawa ile ile. Kwa sababu ya mchwa. Mbuzi akilamba atakufa. Na zikichakaa msizipikie, moshi wake ni mbaya."

Mama Nekesa alikuwa ameshaahidiwa mbuzi na mteja wake mmoja wa machimbo, na kamba ya kumfungia ilikuwa tayari imening'inizwa pale.

"Andika," akaniambia. Nikaandika. "Kuna lingine, mzee?"

"Hakuna."

Nafula akasema kutoka kwenye kigoda, kwa sauti ndogo, "Mzee, kama wewe ndiye ungenunua nyumba hii, ungeuliza nini?"

Mzee Waweru alifikiri. "Ningemuuliza mwenyewe kwa nini anahama."

"Haya. Kwa nini ulihama?"

Alizungusha kofia mikononi. "Bomba la soko hukauka," akasema. "Kuanzia Januari mpaka mvua. Hapo ni mto tu, na mke wangu magoti yamekwisha, hawezi tena kile kilima. Sikusema kwa sababu niliona nikisema hamtanunua."

Bwana Jivan alitazama viatu vyake. Mimi nilisimamisha kalamu, nikimngojea Mama Nekesa alipuke. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika nguzo, akakumbuka nguzo ni ya nini, akaiachia upesi, akacheka zaidi.

"Magoti!" akasema. "Mzee wewe, magoti yangu yamepanda vilima vya kwetu na debe kichwani na mimba tumboni. Kwa nini hukuniambia? Sasa ndiyo umeniuzia nyumba."

Akatukaribisha ndani. Kulikuwa na chai, na maji yake aliyateka mwenyewe mtoni asubuhi ile, alitutajia hata jiwe alilosimama. Tulikaa, Mzee Waweru, Bwana Jivan na mimi, na hakuna aliyenyoosha mkono kwenye chai. Nafula akampa mama yake mtoto, akainuka polepole akishika meza. Alimimina kikombe kimoja, akakinywa akiwa amesimama, chote, huku sisi sote tukimtazama koo. Akakiweka chini, akapangusa mdomo, ndipo akammiminia Mzee Waweru.